Protini ya Binadamu Isiyotoka kwa Binadamu: Namna ya Kusoma Kichupa cha Maabara

Katika friza za maabara za utafiti jijini Nairobi, iwe ni taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI kwenye Barabara ya Mbagathi au kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyo kando ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, huhifadhiwa vichupa vidogo ambavyo lebo zake huonekana kujipinga. Mstari wa kwanza hutangaza kwamba ndani mna protini ya binadamu. Mistari michache chini yake, mahali palipoandikwa chanzo, hutajwa E. coli, bakteria anayeishi matumboni mwetu, au seli za ovari za hamsta wa China, au hata seli za wadudu. Mwanafunzi wa uzamili anayekabidhiwa kichupa cha aina hiyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza: je, kilichomo ni cha binadamu au si cha binadamu?

Ni cha binadamu kwa mpangilio, na si cha binadamu kwa asili. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na mpangilio wa asidi amino hizo huamuliwa na jeni. Jeni ya binadamu ikihamishiwa ndani ya seli ya kiumbe kingine, seli hiyo huisoma kwa kanuni zilezile zinazotumika katika miili yetu, kwa kuwa msimbo wa urithi unakaribia kuwa mmoja kwa viumbe vyote, kisha hutengeneza mnyororo uleule. Protini inayopatikana kwa njia hii huitwa protini rikombinanti. Hata hivyo mnyororo si protini nzima. Namna ulivyokunjwa, sukari zilizopachikwa juu yake, vipande vilivyoongezwa au kukatwa kwenye ncha zake, na uchafu uliofuatana nao kutoka katika seli iliyoutengeneza, yote hayo hutofautiana kati ya kichupa na kichupa hata pale ambapo jina kwenye lebo ni moja. Tofauti hizo ndizo zinazoweza kulifanya jaribio litoe jibu la uongo huku kila kitu kikionekana kiko sawa.

Kabla ya jeni kuhamishwa

Kwa miongo mingi, aliyehitaji protini ya mwili alilazimika kuitoa mwilini. Insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Homoni ya ukuaji haikuweza kutoka kwa mnyama, maana ya wanyama hao haifanyi kazi kwa binadamu, hivyo ilikusanywa kutoka katika tezi za pituitari za maiti. Njia hiyo ilikomeshwa Marekani mwaka 1985, baada ya kubainika kwamba baadhi ya watoto waliotibiwa kwa homoni hiyo walikuja kufa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo uliosafiri pamoja na dawa. Mwaka huohuo homoni ya ukuaji iliyotengenezwa ndani ya bakteria iliidhinishwa.

Ufundi wenyewe ulikuwa umeanza kabla ya hapo. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha kwamba kipande cha DNA kinaweza kukatwa, kuunganishwa na plazimidi, yaani duara dogo la DNA linalojizidisha ndani ya bakteria, na kurudishwa ndani ya E. coli ili kinakiliwe kila bakteria anapogawanyika. Somatostatini ya binadamu, homoni yenye asidi amino 14 tu, ilitengenezwa kwa njia hiyo mwaka 1977. Insulini ilifuata mwaka 1978, na kufikia 1982 ilikuwa dawa iliyoidhinishwa Marekani.

Hizo ni dawa, na historia yake husimuliwa mara nyingi. Upande wa maabara za utafiti husimuliwa mara chache, ingawa ndiko mapinduzi yalikogusa kazi ya kila siku. Chukua intalukini-2, ambayo kwa kifupi huandikwa IL-2. Hii ni protini inayotolewa na seli T za kinga ili kuamrisha seli T nyingine zigawanyike. Mwaka 1976 watafiti katika maabara ya Robert Gallo nchini Marekani walieleza kwamba maji ambamo chembe nyeupe za damu zilikuwa zimekuzwa, baada ya kuchokozwa kwa dutu itokanayo na maharagwe, yalikuwa na kitu kinachozifanya seli T ziendelee kuishi na kuongezeka nje ya mwili. Kabla ya hapo seli hizo zilikufa haraka. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kukuza virusi vinavyoishi ndani ya seli T, na bila huo utafiti wa miaka ya mwanzo ya VVU ungekwama.

Ila maji hayo yalikuwa mchanganyiko. Ndani yake mlikuwa na IL-2 pamoja na protini nyingine nyingi za kinga, kila bechi kwa kiasi chake, kila mtoaji damu kwa namna yake. Mtafiti aliyeona seli zimebadilika hakuweza kusema kwa uhakika ni kipi kilichozibadilisha. Mwaka 1983 kundi la Tadatsugu Taniguchi nchini Japani lilichapisha jeni ya IL-2, na tangu hapo imewezekana kuipata IL-2 peke yake, bila jamaa zake. Thamani ya protini rikombinanti kwa utafiti iko hapo zaidi ya kwingine: inamruhusu mtafiti kuongeza kitu kimoja na kuacha vingine vyote.

Nairobi ina sababu yake ya kuijua IL-2. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wamefuatilia kundi la wanawake wa Pumwani, ambamo baadhi hawakuambukizwa VVU licha ya kukutana navyo mara nyingi, na moja ya mambo yaliyochunguzwa ni seli T zinazovitambua virusi hivyo. Seli za namna hiyo ni chache mno katika damu. Anayetaka kuzikuza kwa majuma kadhaa ili zitoshe kupimwa huhitaji IL-2 kwenye kimiminika chake, na leo IL-2 hiyo karibu kila mara ni rikombinanti.

Safari ya jeni

Jeni ya binadamu haiwezi kutiwa ndani ya bakteria kama ilivyo kwenye kromosomu. Jeni zetu nyingi zimekatizwa na vipande visivyotafsiriwa, viitwavyo introni, ambavyo seli zetu huvikata kabla ya kutengeneza protini. Bakteria hana uwezo huo. Zamani watafiti walianza na mRNA, yaani nakala ya jeni ambayo tayari imekatwa introni, na kuigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu. Siku hizi mpangilio huandikwa kwenye kompyuta na kutumwa kwa kampuni inayounda DNA kwa kemia. Faida mojawapo ya njia hii ni kwamba maneno ya msimbo yanaweza kubadilishwa bila kubadilisha maana. Asidi amino ya arginini, kwa mfano, ina njia sita za kuandikwa, na mbili kati yake, AGA na AGG, hutumika sana kwa binadamu lakini ni adimu kwa E. coli, kiasi kwamba mtambo wake wa kutafsiri unaweza kukwama anapozikuta mfululizo.

Kitu kingine kinachoondolewa ni kipande cha mwanzo. IL-2 hutengenezwa mwilini ikiwa na asidi amino 153, ambapo 20 za kwanza ni maelekezo ya kuitoa nje ya seli. Hukatwa njiani, na IL-2 iliyokomaa hubaki na 133. Anayeitengenezea ndani ya bakteria huanza na hizo 133 moja kwa moja, na kwa kuwa kila tafsiri huanza na methionini, mara nyingi methionini moja ya ziada hubaki mwanzoni. Ndiyo maana lebo nzuri huandika masafa, kwa mfano kutoka asidi amino ya 21 hadi ya 153. Namba hizo hurukwa na wasomaji wengi, na kwa IL-2 hasara yake ni ndogo. Kwa protini kubwa inayokaa kwenye utando wa seli hasara inaweza kuwa kubwa, kwani muuzaji huenda ametengeneza sehemu ya nje pekee, au hata kipande kimoja cha sehemu hiyo, na kingamwili unayoitafuta huenda inashika kipande ambacho hakimo.

Plazimidi ikishaingia, bakteria hukuzwa katika supu yenye joto la nyuzi 37. Huzidi maradufu kila baada ya dakika 20 hivi mambo yakiwa mazuri, na wakifika wingi unaotakiwa huongezewa dutu inayowasha jeni. Saa chache baadaye sehemu kubwa ya protini iliyomo ndani yao inaweza kuwa ile moja tu uliyoitaka. Ukarimu huo una tatizo lake. Protini ya binadamu ikitengenezwa kwa kasi namna hiyo mahali isipopazoea, minyororo hushikana kabla ya kujikunja na kuwa mabonge yasiyoyeyuka. IL-2 ni mojawapo ya protini zenye tabia hiyo. Ugali ukishasongwa haurudi kuwa unga, lakini mabonge haya yana bahati nzuri zaidi: huyeyushwa kwa urea au guanidini kwa wingi, minyororo ikanyooka kabisa, kisha dutu hiyo hupunguzwa polepole ili protini ijikunje upya. Nyingine hujikunja sawasawa, nyingine hukataa.

IL-2 ina asidi amino tatu za sisteini, ambazo zinaweza kufunga vifungo vya salfa. Kifungo sahihi ni kati ya ya 58 na ya 105; ya 125 inapaswa kubaki huru. Katika kukunja upya, hiyo iliyo huru hufunga ndoa isiyo yake na kuzaa protini iliyopinda. Waliotengeneza aldesleukini, IL-2 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kutibu saratani ya figo iliyosambaa, waliamua kuibadilisha sisteini ya 125 iwe serini, wakaondoa pia asidi amino ya kwanza. Protini hiyo hufanya kazi vizuri, na ndiyo hiyohiyo inayouzwa kwa maabara nyingi. Kwa hiyo hata kichupa kinachoitwa IL-2 ya binadamu huenda kina mpangilio ambao hakuna binadamu aliyewahi kuzaliwa nao, na bado kikawa chaguo zuri kwa kukuza seli T.

Seli mwenyeji huacha alama yake

Swali la ni seli gani iliyotumika ndilo ambalo, kwa maoni yangu, linapaswa kuulizwa kabla ya bei. Bakteria hawapachiki sukari kwenye protini kwa namna ya binadamu. IL-2 ya mwilini ina sukari kwenye asidi amino ya tatu, na kukosekana kwake hakuizuii kufanya kazi, kwa hiyo E. coli inatosha. Erithropoietini, yaani EPO, ni kisa kingine kabisa.

Wakenya wanalijua jina EPO kutokana na kurasa za michezo kuliko za tiba. Ni homoni ya figo inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Mnyororo wake una asidi amino 165 na uzito wa kilodaltoni 18 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), lakini protini kamili hufikia takriban 30, kwa kuwa minyororo minne ya sukari imepachikwa juu yake. EPO isiyo na sukari huweza kuchochea seli zilizo kwenye sahani ya maabara, ila ikidungwa mwilini huondolewa haraka kabla haijafanya lolote la maana. Ndiyo sababu dawa ya EPO, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, hutengenezwa katika seli za ovari za hamsta wa China, zijulikanazo kama CHO, ambazo zinajua kupachika sukari zinazofanana na zetu.

Zinafanana, haziko sawasawa. Mchanganyiko wa sukari zinazowekwa na seli za CHO hutofautiana kidogo na ule wa figo ya binadamu, na tofauti hiyo hubadilisha chaji ya umeme ya protini. Mnamo mwaka 2000 wanasayansi wa Ufaransa walichapisha njia ya kuitenganisha EPO ya asili na ile ya maabara katika mkojo kwa kutumia chaji hiyo, na upimaji ukaanza kwenye Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka huo. Mnyororo wa asidi amino usingeweza kumtambulisha mkimbiaji aliyedanganya, kwa kuwa ni uleule. Kinachomfichua ni kazi ya mikono ya seli ya hamsta. Tofauti inayotosha kutumika kama ushahidi dhidi ya mwanariadha inatosha pia kumfanya mtafiti asichukulie protini ya CHO kuwa ni ile ya mgonjwa wake.

Kwa wanaohitaji ukaribu zaidi kuna seli za binadamu zenyewe. Zinazotumika sana huitwa HEK293, ukoo wa seli uliopatikana Leiden, Uholanzi, mwaka 1973, kutokana na seli za figo za kijusi. Hukua polepole, hula vyakula ghali, na hutoa protini chache kuliko bakteria. Seli za wadudu hukaa katikati: hukunja protini vizuri, ila sukari zake ni fupi na za namna nyingine. Hamira hupachika sukari nyingi mno za aina ya manosi, jambo linaloweza kuzichokoza seli za kinga zenye vipokezi vya kuitambua.

Mfano ulio karibu nasi ni malaria. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa katika Taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza walionyesha kwamba kimelea cha Plasmodium falciparum kinahitaji protini yake iitwayo RH5 ishikane na basijini, protini ya binadamu iliyo juu ya chembe nyekundu, ili kiingie ndani. Walitumia protini rikombinanti za pande zote mbili zilizotengenezwa katika seli za HEK293, na kwa sababu mshikamano wa protini za namna hii huwa dhaifu na hukatika kwa sekunde chache, waliziunganisha tano tano upande mmoja ili zishike kwa nguvu zaidi. Laiti wangetegemea protini zilizokunjwa vibaya, mshikamano huo usingeonekana na RH5 ingebaki kwenye orodha ndefu ya protini zisizojulikana kazi yake. Chanjo za majaribio zinazoilenga RH5 zimekwisha kupimwa kwa watu, Tanzania na Burkina Faso zikiwemo.

Asilimia tisini na tano ya nini?

Baada ya kutengenezwa, protini hutolewa katika mchuzi wa maelfu ya protini nyingine. Njia inayotumika sana ni kuongeza tagi, kwa kawaida asidi amino sita za histidini mfululizo, kwenye ncha moja ya mnyororo. Histidini hushika nikeli. Mchuzi ukipitishwa kwenye safu iliyojaa chembechembe zenye nikeli, protini yenye tagi hubaki na nyingine hupita, kisha imidazoli hutumika kuing'oa. Tagi hiyo ni ndogo na mara nyingi haina madhara. Nyingine ni kubwa. Tagi iitwayo Fc, ambayo ni mkia wa kingamwili, huziunganisha protini mbili mbili na pia hushikwa na vipokezi vya Fc vilivyo juu ya monosaiti na seli nyingine za kinga, kwa hiyo anayetaka kujua iwapo protini yake inashikamana na monosaiti anaweza kuishia kupima mshikamano wa mkia.

Kisha huja namba inayosomwa zaidi na kueleza machache: usafi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 95. Namba hii hutokana na jeli. Sampuli huchemshwa pamoja na sabuni inayozinyoosha protini zote, hupitishwa kwenye jeli kwa umeme ili zijipange kwa ukubwa, halafu hupakwa rangi. Bendi moja ikitawala, protini ni safi. Lakini kwa kuwa sabuni imezinyoosha zote, jeli haiwezi kusema ilikuwa imekunjwa vizuri au la. Na kwa kuwa rangi hushika protini pekee, haioni uchafu usio protini, hata ule ulio hatari zaidi kwa jaribio.

Uchafu huo ni endotoksini. Ni sehemu ya ukuta wa nje wa E. coli, mafuta yaliyoungana na sukari, na monosaiti za binadamu huitambua kwa kiasi kidogo ajabu, kisha huitikia kwa kumwaga protini za uvimbe kama TNF. Mtafiti anayeongeza protini ya E. coli kwenye damu na kuona TNF inapanda hawezi kujua, kwa kuona hivyo tu, ni protini iliyosema au ni endotoksini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilionekana kwamba sehemu ya sifa zilizokuwa zimepewa HSP70, protini ambayo seli huitoa zinapopata joto kali, za kuchochea uvimbe, zilikuwa sifa za endotoksini iliyobaki kwenye matayarisho yake. Hayo yalikuwa matokeo yaliyokwisha kuchapishwa na watu makini.

Kinga yake si ngumu. Lebo au cheti cha bechi hutaja kiwango cha endotoksini, mara nyingi chini ya uniti 1 kwa mikrogramu au chini zaidi, kilichopimwa kwa kimiminika kitokanacho na damu ya buluu ya Limulus polyphemus, mnyama wa pwani ya Atlantiki, au kwa kimeng'enya chake ambacho nacho siku hizi hutengenezwa kwa njia rikombinanti. Kisha yapo majaribio mawili ya kudhibiti ambayo maabara yoyote inayaweza. La kwanza ni kuchemsha protini: protini nyingi huharibika, endotoksini hustahimili, kwa hiyo mwitikio ukibaki palepale baada ya kuchemsha, mshukiwa anajulikana. (Hapa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, hivyo bloku ya joto yenye kifuniko ni bora kuliko sufuria.) La pili ni kuongeza polimiksini B, antibiotiki inayoifunga endotoksini: mwitikio ukizimika, jibu ni lilelile. Ningependa wahakiki wa makala za kinga wadai majaribio haya kila mahali E. coli inapotajwa.

Badala ya usafi, namba inayostahili kuangaliwa kwanza ni nguvu ya kazi. IL-2 hupimwa kwa seli za panya ziitwazo CTLL-2, ambazo haziishi bila IL-2, na kwa bahati zinaikubali ile ya binadamu. Ukarimu huo si wa protini zote: intaferoni gama ya binadamu, protini nyingine ya kinga, haifanyi kazi kwa seli za panya kabisa, jambo ambalo mtu hulikumbuka akiwa amekwisha kununua. Muuzaji hupima ni kiasi gani kwa mililita kinachotoa nusu ya mwitikio wa juu, na kiasi hicho ndicho huhesabiwa kuwa uniti moja. Kikiwa nanogramu 0.1 kwa mililita, basi miligramu moja ina uniti milioni 10. Uniti za muuzaji mmoja hazilingani lazima na za mwingine, isipokuwa zimelinganishwa na kipimo cha kimataifa cha Shirika la Afya Duniani, na hapo ndipo zinapoitwa uniti za kimataifa.

Hesabu hiyo hubadilisha pia mazungumzo ya bei. Protini hizi huuzwa kwa mikrogramu, na tukisema mikrogramu 10 kwa dola 100, gramu moja ingekuwa dola milioni 10. Lakini mikrogramu 50 za IL-2 yenye nguvu iliyotajwa ni uniti 500,000, na seli T zinazolishwa uniti 50 kwa mililita zitatumia kichupa hicho kwa lita 10 za kimiminika. Kinachogharimu maabara nyingi ni kichupa kilichoharibika kabla hakijatumika.

Kutoka uwanja wa ndege hadi frizani

Protini nyingi husafirishwa zikiwa unga mkavu, na unga huo huvumilia siku kadhaa za joto la kawaida. Zilizo katika hali ya kimiminika huja na barafu kavu, ambayo huwa na nyuzi 78 chini ya sifuri na hupotea hewani kila saa inayopita. Mzigo ukikwama forodhani kwenye uwanja wa ndege wa JKIA mwishoni mwa juma kwa sababu ya karatasi moja, barafu haisubiri wakala. Kwa hiyo, panapokuwa na hiari, unga ni chaguo la busara kwa mnunuzi wa Nairobi.

Unga wenyewe ni mdogo kiasi cha kutoonekana, na mara nyingi umeshikamana na kifuniko. Kichupa huzungushwa kidogo kwenye sentrifuji kabla ya kufunguliwa. Huyeyushwa kwa kimiminika kilichotajwa na muuzaji, ambacho kwa IL-2 mara nyingi ni asidi hafifu ya siki, bila kutikiswa kwa nguvu. Protini iliyochujuka sana hung'ang'ania plastiki, na hivyo huongezewa protini mbebaji, kwa kawaida albumini ya ng'ombe, isipokuwa kama kazi inayofuata ni kuipachika rangi au kutengeneza kingamwili dhidi yake, maana hapo rangi ingeishia kwa ng'ombe. Kisha hugawanywa katika vijichupa vya matumizi ya mara moja na kuwekwa nyuzi 80 chini ya sifuri, kwani kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huiharibu. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia ubaridi kwa muda mrefu kuliko iliyo nusu tupu.

Wengine huuliza kwa nini tusizitengeneze hapahapa. Ufundi upo. Mwaka 1992 watafiti wa kituo cha maradhi ya mifugo kilichokuwa Kabete, ambacho sasa ni sehemu ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, walichapisha kwamba p67, protini ya kimelea cha ndigana kali iliyotengenezwa ndani ya E. coli, iliwakinga ng'ombe, na kazi iliyofuata ilipitia matatizo yaleyale ya mkunjo na uchaguzi wa kipande yaliyoelezwa hapa. Kisheria kuna tofauti ya kuzingatia. Protini iliyosafishwa si kiumbe hai, lakini bakteria aliyebeba jeni ya binadamu ni kiumbe kilichobadilishwa kijenetiki, na kumtumia, hata ndani ya chumba kilichofungwa, huangukia chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na idhini ya mamlaka yake. Upande wa maadili, neno binadamu kwenye lebo halimaanishi kwamba kuna mtu aliyetolewa kitu. Damu ambayo protini hiyo itaongezwa ndani yake ndiyo inayohitaji ridhaa na kamati. Na maneno "kwa utafiti tu" yana maana kamili, kwani kichupa hicho hakijapitia ukaguzi wa dawa, hata kama mpangilio wake ni sawa na wa dawa.

Linabaki jambo la kumbukumbu. Makala nyingi huandika tu kwamba IL-2 ya binadamu iliongezwa, na msomaji wa Kisumu au Kampala anayetaka kurudia jaribio hana pa kuanzia. Kinachotakiwa ni muuzaji, namba ya bidhaa na ya bechi, seli mwenyeji, masafa ya asidi amino, tagi, na kiasi kikiandikwa kwa uniti badala ya nanogramu pekee. Bechi mpya ipimwe sambamba na ya zamani kabla ya hiyo ya zamani kwisha. Kwa kuwa mzigo unaweza kuchukua majuma kadhaa kufika Nairobi, agizo jipya litolewe wakati bado kuna vijichupa vya zamani vya kutosha kufanya ulinganisho huo.